Umetumiwa ati sumu ya nyoka inatibu kansa? Fanya hivi kabla ufowadi, na kabla ununue

Shangazi yangu wa Umoja, hapa Nairobi, alitoa kichupa cha kahawia kwa mkoba, kidogo hivi, chenye mfuniko wa kudondoshea kama zile za dawa ya macho, akakiweka kwa meza katikati ya vikombe vya chai, akaniambia, "Mwanangu, wewe ni mtu wa maabara, hebu niambie hii ni kitu ama si kitu." Kwa lebo kulikuwa na picha ya swila ametandaza shingo, na maneno matatu: kansa, kisukari, nguvu. Basi. Hakuna jina la aliyetengeneza, hakuna tarehe ya kuharibika, hakuna namba yoyote. Alikuwa amelipa alfu sita na mia tano, pesa ya chama, na muuzaji akamwambia atumie matone kumi chini ya ulimi asubuhi na mengine kumi jioni, na asimwambie daktari.

Hio ya asimwambie daktari ndio ilinikosesha usingizi. Shangazi ako na kansa ya matiti, ako katikati ya kemo, na kitu yoyote anameza daktari wake anafaa kujua.

Kwa hio hii naandikia mtu yeyote ako na mgonjwa nyumbani na simu haiachi kulia na vidio za nyoka. Nitakuonyesha vile mimi hupima hizo habari. Kuna mahali nitapita mbio na kuna mahali nitakaa sana juu ndio kwenye maneno. Na sitakuambia ati ni upuzi, juu wazo lenyewe si upuzi, kuna watu wa maana wamelifanyia kazi miaka mingi.

Anza kwa kujua sumu ni nini

Sumu ya nyoka si kitu kimoja, ni mchanganyiko wa protini nyingi, na kila protini iko na kazi yake. Bafe, ile nyoka nene ya mabaka wengine huita moma, akikuuma mguu unafura, damu inaanza kukataa kuganda, nyama ya pale inaweza kuoza. Koboko akikuuma hakuna kufura sana, lakini misuli ya kupumua inalala na mtu anaishiwa pumzi akijiona. Nyoka wawili, sumu mbili ambazo hazifanani hata kidogo. Kwa hio mtu akikuambia "sumu ya nyoka inatibu", ni kama amekuambia "majani yanatibu". Majani gani?

Hizo protini zimenolewa kwa mamilioni ya miaka zikamate kitu kimoja ndani ya mwili na zikikamate haraka. Ndio maana watu wa dawa wanazipenda. Kuna nyoka wa Brazil anaitwa jararaca, akiuma mtu presha inashuka vibaya sana. Miaka ya sitini mwanasayansi wa huko, Sérgio Ferreira, akatoa kwa hio sumu vipande vidogo vya protini vinavyosaidia kushusha presha, halafu Marekani kwa kampuni ya Squibb kina Miguel Ondetti na David Cushman wakasoma vile hivyo vipande vinafanya, wakatengeneza kidonge kinachoiga hio kazi. Kikaitwa kaptoprili, kikaidhinishwa Marekani 1981. Ndani hakuna tone la sumu, ni kitu kimetengenezwa kiwandani kikiiga kile nyoka anajua.

Sasa angalia hii. Kwa ule mkoba wa shangazi, chini ya kile kichupa, kulikuwa na pakiti ya enalaprili, dawa yake ya presha ya kila siku. Enalaprili ni mdogo wake kaptoprili, ni wa ukoo mmoja, ilikuja baadaye ikifuata hio njia. Yaani mkoba mmoja ulikuwa na dawa iliyotoka kweli kwa utafiti wa sumu ya nyoka, ya bei ya chini, imepimwa kwa watu wengi sana, na kando yake kichupa cha alfu sita na mia tano chenye picha ya swila. Shangazi alishangaa nikimwambia. Miaka mingi anameza hio ya presha na hakujua kuna nyoka kwa stori yake.

Kwa nini kansa imeingia hapa

Hapa nitakaa kidogo. Seli ya kansa haiui mtu kwa kukaa mahali pamoja tu, mara nyingi shida kubwa ni kuhama, kutoka kwa titi kwenda kwa mfupa, kwa ini, kwa mapafu. Na ili ihame lazima ishike kitu, kama vile makanga ananing'inia kwa mlango wa matatu, mkono ukiteleza kwa kile chuma anabaki barabarani. Mikono ya seli inaitwa integrini. Na hata mishipa mipya ya damu ambayo uvimbe unajitengenezea ili ule chakula, hio pia inatumia integrini kushika njia.

Sasa, sumu ya nyoka wa jamii ya bafe na wale wa Marekani wenye njuga mkiani huwa na protini ndogo zinaitwa disintegrini. Kwa nyoka kazi yake ni kuzuia damu isigande, zinashika zile chembe ndogo za kugandisha damu, hospitalini wanaziita pleteleti, zinaziba mikono yake zisishikane. Watu wa dawa wakaona, kama inaziba mkono wa pleteleti, si inaweza kuziba mkono wa seli ya kansa pia?

Kwa pleteleti wazo lilifika mwisho. Kuna dawa mbili za sindano za watu wa shida ya moyo, eptifibatidi na tirofibani, ya kwanza imeigwa kutoka kwa sumu ya nyoka mdogo wa njuga wa Marekani na ya pili kutoka kwa sumu ya nyoka wa jamii ya Echis, ambaye ndugu zake wako hata hapa kwetu kule kaskazini. Zote mbili ziliidhinishwa Marekani 1998.

Kwa kansa bado. Huko Kusini mwa California Francis Markland na wenzake walitoa disintegrini kwa nyoka wa rangi ya shaba, wakaiita kontotrostatini, wakawapa panya waliopandikizwa kansa ya matiti ya binadamu, uvimbe ukapunguza mwendo wa kukua na kusambaa. Baadaye wakatengeneza toleo lake kwa kutumia bakteria, juu huwezi kukamua nyoka ukapata dawa ya hospitali nzima. Ni kazi nzuri, lakini iliyoonyesha matokeo ni kwa panya.

Na mpaka leo hakuna dawa ya kansa iliyotoka kwa sumu ya nyoka ikapita hatua zote ikaidhinishwa na mamlaka ya dawa ya Marekani ama ya Ulaya. Shika hio sentensi, itakusaidia kwa kila meseji utakayopata.

Hatua ya kwanza: uliza nyoka gani na protini gani

Ukipata habari, kabla ya kitu kingine tafuta jina la nyoka na jina la protini. Habari ya ukweli itasema, kwa mfano, krotoksini kutoka kwa Crotalus durissus terrificus, nyoka wa njuga wa Amerika ya Kusini. Habari ya kuuza itasema tu "cobra" ama "black mamba" juu ndio majina yanayotisha watu.

Na jina si mapambo. Yule swila mkubwa wa kahawia anayetema, ambaye tuko naye hapa Kenya, alitambuliwa kama spishi ya peke yake mwaka 2007 tu, akaitwa Naja ashei kwa heshima ya James Ashe aliyeanzisha shamba la nyoka la Bio-Ken kule Watamu. Kabla ya hapo alikuwa anahesabiwa pamoja na wenzake. Kama hata wataalamu wa nyoka wanaendelea kuwatenganisha, muuzaji wa tao ambaye anasema "cobra" tu hajui ako na nini kwa chupa. Kama hakuna jina la nyoka na hakuna jina la protini, wewe acha hapo, usipoteze bando.

Hatua ya pili: uliza imefika wapi

Hii ndio kubwa kushinda zote. Fikiria gari imetoka Githurai inaenda tao. Kuna watu wanashangilia imefika Roysambu, njiani tu, kama imefika Kencom, katikati ya tao. Dawa nayo iko na steji zake: kisahani cha maabara, halafu panya, halafu watu wachache kuangalia kama ni salama, halafu watu zaidi kuangalia kama inafanya kazi, halafu watu wengi wakilinganishwa na dawa iliyoko. Habari nyingi sana za sumu na kansa ziko steji ya kwanza, kwa kisahani.

Hebu nikuambie hio steji ya kwanza inakaa aje, juu nimeifanya kwa mikono yangu. Unachukua sahani ya plastiki kubwa kama kiganja, iko na vishimo 96 vidogo, safu nane mara kumi na mbili. Kwa kila kishimo unaweka seli za kansa kwa maji ya rangi ya waridi, hayo ndio chakula chake. Mara nyingi hizo seli ni za HeLa, zilitolewa kwa mama Mwamerika mweusi, Henrietta Lacks, aliyekuwa na kansa ya mlango wa kizazi mwaka 1951 kule Baltimore, na mpaka leo zinaendelea kugawanyika kwa maabara za dunia nzima. Unaongeza sumu, kidogo kwa safu hii, zaidi kwa ile, unaacha mpaka kesho. Halafu unaweka dawa ya manjano. Seli ikiwa hai inaigeuza zambarau, ikiwa imekufa manjano inabaki manjano. Unaingiza sahani kwa mashine inasoma ukali wa ile rangi, unachora grafu.

Hio ndio "sumu ya nyoka yaua kansa" ya kwa simu yako. Ni kishimo ambacho hakikugeuka zambarau.

Na mimi naipenda hio kazi, siidharau, hakuna dawa inaanza bila hio. Lakini kwa kile kishimo hakuna damu, hakuna ini, hakuna figo, hakuna moyo, hakuna mama mwenye watoto watatu. Ukimimina maji ya chai yaliyochemka kwa vile vishimo seli zote zinakufa pia.

Kutoka panya kwenda kwa watu ndio dawa nyingi hubaki njiani. Krotoksini ilitambuliwa Brazil mwaka 1938, ikajaribiwa kwa seli, kwa panya, na matokeo ya jaribio la awali kwa watu, huko Argentina, yakatoka 2002: wagonjwa 23 ambao kansa yao ilikuwa imeenda mbali, wakidungwa kila siku. Lengo lilikuwa kujua dozi ambayo mtu anaweza kuvumilia. Baadhi yao walianza kuona vitu viwili viwili, juu ile protini inagusa mishipa ya fahamu. Kutoka 1938 mpaka 2002, na hio ni steji ya tatu.

Mfano mwingine unauma zaidi. Kuna dawa inaitwa silenjitidi, haikutoka kwa nyoka lakini inaziba integrini zile zile. Ilifanya vizuri mwanzoni, watu wakawa na matumaini makubwa sana kwa kansa ya ubongo. Ikapelekwa kwa lile jaribio kubwa la mwisho, matokeo yakatoka 2014: waliopewa hawakuishi zaidi ya wale ambao hawakupewa. Hakukuwa na mtu mbaya pale, hakuna aliyedanganya, ni vile mwili wa binadamu ni mkubwa kuliko kisahani.

Na ukitaka kujua hili wazo ni la lini, mwaka 1933 Mfaransa Albert Calmette na wenzake waliandika kuhusu sumu ya swila na kansa za panya. Calmette ndiye ile C ya BCG, sindano iliyokuachia alama mkononi ukiwa mtoto. Na BCG yenyewe leo inatumika hospitalini kutibu kansa ya kibofu ambayo haijaingia ndani, inapitishwa kwa mpira moja kwa moja hadi kwa kibofu. Mtu mmoja, mawazo mawili, moja limefika kwa mgonjwa kwa kupita steji zote, lingine zaidi ya miaka 90 baadaye bado liko barabarani.

Kwa hio ukifungua linki tafuta haya maneno: seli, panya, wagonjwa wangapi. Kama haisemi, ichukulie ni kisahani.

Hatua ya tatu: seli nzuri nazo zilifanyika aje

Kuua seli ya kansa si kazi ngumu, kazi ni kuiua na kuacha jirani yake. Watu hawaulizi hii.

Sumu nyingi za jamii ya bafe zikikaushwa ni za manjano. Hio manjano inatoka kwa kimeng'enya kimoja, yaani protini ya kuharakisha kazi za kemia, ambacho kikifanya kazi kinatoa haidrojeni peroksaidi, ile ile ya povu tunaoshea vidonda. Utasoma ati hicho kimeng'enya kinaua seli za kansa, na ni kweli kabisa, peroksaidi ikizidi inachoma seli. Ya kansa, ya ngozi, ya utumbo, yoyote. Kingine kinaitwa fosfolipesi A2, kinakatakata mafuta ya ukuta wa seli mpaka inavuja. Nacho hakiangalii sura.

Kwa hio kwa utafiti tafuta mahali wamelinganisha na seli zisizo na kansa. Kama zote zilikufa kwa kipimo kile kile, basi bado hio ni sumu tu, haijawa dawa. Nimesikia wazee wakisema dawa ya moto ni moto, na wauzaji wanaipenda sana hio methali. Kwa mambo ya ugomvi sawa. Kwa ini la mtu amechoka na kemo, mimi nakataa.

Hatua ya nne: inaingia mwilini kwa njia gani

Hapa ni rahisi na watu wengi wangeokoa pesa zao. Protini ukiimeza tumbo linaichukulia kama nyama ama maharagwe, linaikatakata. Ndio sababu mgonjwa wa kisukari anajidunga insulini badala ya kuinywa. Eptifibatidi pia ni ya kupitia mshipa. Kaptoprili inamezwa juu si protini, ni molekyuli ndogo iliyotengenezwa kiwandani.

Kwa hio matone, vidonge, unga wa kuchanganya na uji: kama ndani kuna protini ya nyoka kweli, nyingi itakufa tumboni kabla ifike kwa titi. Lakini usifikirie ati basi haina madhara. Kemo huwa inatoa vidonda mdomoni, shangazi wakati huo hakuwa anaweza hata kula chungwa, na kidonda kilicho wazi ni mlango wa kuingia kwa damu. Sasa fikiria unadondosha chini ya ulimi kitu ambacho hujui ni nini.

Krimu za uso za "sumu ya nyoka" zinazouzwa madukani nazo ni kitu kingine. Ile inayojulikana sana ina kipande kilichotengenezwa kuiga protini ya nyoka mmoja wa Asia, hakuna sumu ndani, na haihusiani na kansa hata kidogo.

Hatua ya tano: uliza karatasi

Kenya dawa yoyote inafaa kusajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, ile inaitwa PPB. Angalia namba ya usajili kwa pakiti, halafu ingia kwa tovuti yao utafute jina. Kama haiko, hata kama muuzaji amevaa koti jeupe, usinunue.

Kama anakuambia "ni utafiti, ni majaribio", hapo uliza zaidi. Jaribio la dawa kwa watu hapa Kenya linahitaji ruhusa ya kamati ya maadili, ruhusa ya PPB, na leseni ya NACOSTI, ile tume ya serikali ya sayansi. Unapewa karatasi ya kukubali, unaisoma, unaruhusiwa kuenda nayo nyumbani uulize watu wako, na unaruhusiwa kutoka wakati wowote. Na kubwa zaidi, hauuziwi dawa inayojaribiwa. Mtu akikuomba pesa ya dawa halafu aseme ni utafiti, hio ni biashara.

Watu wengine wameniuliza, sasa wale wanakamua nyoka pale Karen, Nairobi, wanafanya nini? Kile ni kituo cha utafiti wa kuumwa na nyoka kilicho kwa taasisi ya utafiti wa nyani, na kazi yao kubwa ni kutafuta dawa bora ya kuokoa mtu aliyeumwa. Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka kwa orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka 2017. Wanaokufa kwa kuumwa na nyoka ni watu wa mashambani, wachungaji, watoto, na hio kazi ya Karen ni yao. Usiende kuomba sumu huko. Na tafadhali usishike nyoka mwenyewe, usijaribu kukamua, usijidunge, hata dozi ndogo vipi.

Hatua ya sita: vile utaongea na mgonjwa

Mimi nilikosea hapa mara ya kwanza. Nilishika kile kichupa nikasema "shangazi umeibiwa", nikaona uso wake unaanguka. Hakuongea na mimi siku tatu. Mfa maji haachi kutapatapa, na mtu mwenye kansa anatapatapa juu anataka kuishi, si juu ni mjinga. Ukimwaibisha ataendelea kutumia, tofauti ni atakuficha.

Siku ya nne nilirudi na maziwa na mkate, nikaomba msamaha kwanza. Halafu nikamwambia kile nimekuandikia hapo juu, ati nyoka kweli ametupea dawa, nikamtolea enalaprili yake kwa mkoba nikamwonyesha, nikamwambia hii imepita steji zote. Hicho kichupa kinasema kiko steji gani? Tukakisoma lebo pamoja, mbele na nyuma. Yeye mwenyewe ndiye alisema, "Hakuna hata mahali wameandika jina lao."

Usianze na pesa. Pesa imeenda na yeye anajua. Anza na kile anaogopa. Kwa shangazi ilikuwa ni ile kuambiwa kemo zimebaki nne na yeye anahisi hata mbili hatamaliza, na hakuwa amemwambia daktari kuhusu kutapika usiku juu alidhani ndivyo inafaa kuwa. Kuna dawa za kuzuia kutapika, na zinabadilishwa kama moja imekataa. Muuzaji alimpata kwa hio nafasi.

Kama ameshatumia

Usimwage. Weka kichupa kwa karatasi ya plastiki, funga, andika kando: alianza siku gani, matone mangapi, mara ya mwisho lini. Piga picha ya lebo. Mpeleke nacho kliniki ya kansa, na kama kliniki iko mbali piga simu uulize kabla ya kemo inayofuata, juu kemo inashusha pleteleti na daktari lazima ajue kama kuna kitu kingine kinachoweza kuchezea damu ama ini.

Usingoje kliniki kama unaona hizi: fizi zinatoa damu, damu ya pua haikauki, alama za zambarau kwa ngozi bila kugongwa, choo cheusi kama lami, macho yanageuka manjano, midomo ama uso kufura, pumzi kukatika. Hio ni hospitali saa hio hio, hata kama ni usiku, na enda na kichupa.

Kuna pia mfumo wa PPB wa kuripoti madhara na dawa zinazoshukiwa, na si wa madaktari tu, hata mgonjwa ama mtu wa nyumbani anaruhusiwa kujaza. Mimi nilijaza ya shangazi nikiwa kwa matatu nikienda kazi, haikuchukua hata dakika kumi.

Daktari wake hakumgombeza. Alikishika kichupa kwa mwanga wa dirisha, akakitingisha, akauliza ametumia siku ngapi, akaandika kwa faili, halafu akaagiza damu ipimwe, pleteleti na ini, kabla ya kumpangia kemo. Akambadilishia dawa ya kutapika. Shangazi wakati wa kutoka akageuka pale mlangoni akauliza kama ile ya presha, ile ya nyoka, aendelee nayo hata siku ya kemo. Daktari akacheka, akaangalia presha yake kwa faili, akamwambia aendelee nayo, asiruke hata siku moja.